Umejuaje? Mwongozo wa Kufunza Fikra Tunduizi katika Shule za Mpakani

Mwalimu afundishaye Buteba, gombolola ya wilaya ya Busia upande wa Uganda, hana haja ya kusafiri mbali kutafuta jambo la kuwafikirisha wanafunzi wake, kwa sababu mahali penyewe pamejaa mambo mawili mawili: sarafu mbili, serikali mbili, mitaala miwili, redio za nchi mbili zinazosimulia tukio moja kwa namna zisizolingana, na jamaa wa kabila moja la Iteso ambao mpaka uliosogezwa mwaka 1902, wakati Jimbo la Mashariki la Uganda lilipotiwa katika Himaya ya Afrika ya Mashariki, yaani Kenya ya leo, uliwaacha wengine huku na wengine kule. Mtoto wa hapa husikia sokoni ya kwamba mahindi ya ng'ambo ni mabaya, na akivuka kumtembelea shangazi yake husikia yayo hayo yakisemwa juu ya mahindi ya kwao. Akifika darasani, hata hivyo, aghalabu hukuta ulimwengu wenye jibu moja tu, lililoandikwa ubaoni kwa chaki, ambalo kazi yake ni kulinakili, kulihifadhi na kulirudisha siku ya mtihani bila ya upungufu wala nyongeza. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu anayetaka mashaka ya sokoni yaingie darasani, yakapimwe humo kwa utaratibu.

Kwa fikra tunduizi sikusudii ubishi, wala ujuvi wa kuwakosoa wakubwa, wala ufasaha wa kumwaga maneno katika mdahalo. Nakusudia mazoea ya mtu, kila aelezwapo jambo, kuuliza dai lenyewe ni lipi, limesimama juu ya dalili gani, dalili hizo zina uzito gani, na kama ziko nyingine za kulipinga ambazo msemaji hakuzitaja. Kisha, baada ya kupima, kukubali, kukataa au kungoja kwa kadiri ile ile ambayo dalili zinaruhusu, bila ya kuona haya kukiri ya kwamba hajawa na yakini. Mazoea hayapatikani kwa hotuba. Mwalimu aweza kuhutubia juu ya tafakuri mwaka mzima, na wanafunzi wakaihifadhi hotuba yake neno kwa neno, wasitafakari hata siku moja. Hapana budi mwanafunzi ashike kitu kwa mikono yake, akilinganishe na kingine, aandike alichokiona, aseme alichokielewa mbele ya mwenzake asiyekubaliana naye, na abaki na haki ya kubadili rai yake.

Ruhusa ya kufanya hivyo imekwisha kutolewa pande zote mbili. Kenya ilianza mtaala wa umilisi mwaka 2019, na miongoni mwa umilisi saba wa msingi ambao mtaala huo unaudai, fikra tunduizi na utatuzi wa matatizo ni mmojawapo. Uganda ilianza mtaala mpya wa sekondari ya chini mwezi wa Februari 2020, wenye kazi za miradi na mazoezi ya kuunganisha maarifa ya mada mbalimbali katika tatizo moja la maisha, na kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala huo lilifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024, ambapo asilimia 20 ya alama zilitokana na kazi zilizofanywa shuleni na asilimia 80 na mtihani wa Baraza la Mitihani. Basi mwalimu wa sekondari anayesema leo ya kwamba mtaala haumpi nafasi ya kuwafikirisha watoto, anasema neno lililokuwa kweli zama za baba yake. Mwalimu wa shule ya msingi, ambaye bado anasubiriwa na mtihani wa darasa la saba, ana udhuru zaidi, nami nitarudi kwake mbele.

Kabla ya kuingia katika njia zenyewe, yafaa kutoa hadhari moja, nayo inatokana na uchunguzi uliofanywa ng'ambo tu ya mpaka. Katika miaka ya 1990 Michael Kremer, ambaye mwaka 2019 alikuwa miongoni mwa watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi, pamoja na wenzake, walifuatilia shule za msingi za Busia na Teso nchini Kenya, wakilinganisha zile zilizopewa vitabu vya kiada bure na zile zilizokuwa bado hazijapewa. Kila mtu alitazamia ya kwamba vitabu vingeinua alama za wote. Haikuwa hivyo: walioinuka ni wale waliokuwa tayari mbele, na wengi waliobaki hawakufaidi, kwa kuwa vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa huko ni lugha ya tatu, na vilitungwa kwa kumkadiria mtoto asiye wa kijiji. Zilipojaribiwa chati za picha, nazo hazikuonyesha faida katika mitihani. Silitaji hili ili kumvunja moyo mtu anayeomba vitabu. Nalitaja kwa sababu wako waalimu wengi wanaodhani ya kwamba ufundishaji wa vitendo unangoja vifaa, na kwamba siku vifaa vitakapofika, fikra zitafuata zenyewe.

Linganisha na jambo lililofanyika katikati ya Uganda mwaka 2016. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, akina Allen Nsangi, Daniel Semakula na Nelson Sewankambo, wakishirikiana na wenzao wa Norwei, walitunga kitabu cha hadithi ya picha kwa watoto wa darasa la tano, kinachowafunza kupima madai ya watu juu ya tiba: anayesema dawa hii huponya amejuaje, amelinganisha wagonjwa wangapi na wangapi, na ulinganisho wake ulikuwa wa insafu au wa upendeleo? Shule 120 ziliingia katika jaribio, nusu zikafundisha kitabu hicho kwa muhula mmoja na nusu zikaendelea na masomo yao ya kawaida, na zaidi ya watoto 10,000 walitahiniwa. Waliofundishwa, 69 katika kila 100 walifaulu, wasiofundishwa, 27. Hapa pia palikuwa na kitabu, lakini kitabu hiki hakikuwa cha kunakiliwa. Kila somo lilimpa mtoto kazi ya kufanya na dai la kupima, na waalimu walioandaliwa kwa siku chache tu waliweza kulifundisha. Basi uamuzi wangu ni huu: jambo la kwanza la kutafuta ni kazi, na vifaa vifuate kazi.

Kazi hiyo huanza na uteuzi wa dai, na hapa ndipo waalimu wengi wanapoteleza. Vizazi kadha wa kadha vya watoto wa Afrika ya Mashariki vimesimama kujadili kama mwalimu ni bora kuliko mkulima, au elimu ni bora kuliko mali, na sijapata kusikia ya kwamba mtoto mmoja aliondoka katika mjadala huo na rai tofauti na ile aliyopangiwa na mwalimu wake, maana hakuna dalili duniani inayoweza kukata shauri hilo. Mshindi ni yule mwenye sauti. Dai linalofaa ni lile linalosemwa kweli nyumbani kwa watoto, ambalo watu wenye akili zao wanasigana juu yake, na ambalo sehemu yake, japo ndogo, yaweza kupimwa kwa mikono ya mtoto na kwa vitu visivyo na gharama. Mpakani madai ya namna hiyo hayaadimiki. Nitalishika moja na kulifuata hatua kwa hatua, ili msomaji aone kazi nzima, naye atayageuza mengine kwa kadiri ya somo lake.

Dai letu ni hili: mahindi ya Uganda yana sumu. Si maneno ya mzaha. Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliandika barua kuzuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania, kwa hoja ya kwamba vipimo vimeonyesha sumu ya kuvu kupita kiasi cha salama, na malori yakakwama Busia na Malaba. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, shehena iwe na cheti cha mahali ilikotoka, na cheti kingine cha kuthibitisha ya kwamba sumu iitwayo aflatoksini haizidi sehemu 10 katika kila sehemu bilioni moja. Upande wa Uganda wakulima wengi walisema hizo ni hila za biashara. Upande wa Kenya wengi walisema serikali yao imewalinda. Darasa la Buteba lina watoto wa wakulima, wa wachuuzi, wa madereva na wa wapagazi, na huenda wamo watoto wenye jamaa waliokuwa wakisema kila upande wa neno hilo. Mwalimu atake nini zaidi?

Katika kipindi cha kwanza, andika dai ubaoni, usiongeze neno. Mpe kila mtoto kipande cha karatasi, hata robo ya ukurasa, aandike peke yake, kwa kimya, kama anakubali, anakataa au hajui, na sababu yake moja. Kimya hiki kina kazi kubwa kuliko kinavyoonekana, kwa sababu mtoto akiruhusiwa kusema kabla ya kuandika, watatu wenye vinywa vyepesi watasema na waliobaki watawafuata. Karatasi zikusanywe na kutunzwa. Kisha kila mtoto amgeukie jirani yake wa benchi, wasomeane sababu, na mwalimu aanze kuzipokea na kuzipanga ubaoni katika safu tatu: niliona mwenyewe, niliambiwa, nadhani. Mtoto mwenyewe ndiye aseme sababu yake ikae safu gani, na wenzake wakiona ameikweza, wamshushe kwa upole. Bila ya shaka safu ya kati itajaa, na ya kwanza itabaki na machache. Usiwaambie hilo lina maana gani. Waulize wanaona nini, ungoje.

Neno hili la kungoja lastahili kukaziwa. Mwaka 1974 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alieleza ya kwamba waalimu aliowasikiliza, baada ya kuuliza swali, walingoja muda wa takriban sekunde moja kabla ya kulijibu wenyewe au kumrukia mtoto mwingine. Na walipozoezwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, watoto waliodhaniwa wazito wakaanza kusema, na maswali ya watoto wenyewe yakaongezeka. Jambo hili halina gharama hata ya senti moja, lakini ni gumu, kwa kuwa kimya darasani humtia mwalimu hofu ya kuonekana hajui kazi yake. Hesabu moyoni mpaka tano. Na jibu likija, liwe sahihi au baya, usiseme vema, usiseme siyo. Uliza swali ambalo ni roho ya mwongozo huu wote: umejuaje? Mtoto anayeulizwa umejuaje pale tu anapokosea atajifunza ya kwamba swali hilo ni fimbo. Anayeulizwa pia anapopatia atajifunza ya kwamba ni ada ya darasa.

Katika kipindi cha pili mikono ifanye kazi. Siku moja kabla, waagize watoto waje na konzi za mahindi kutoka majumbani: yaliyoanikwa juu ya turubai, yaliyoanikwa chini, yaliyopukuchuliwa karibuni, na kama yuko mwenye jamaa ng'ambo, ya kutoka Kenya pia. Kila fungu litiwe katika chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, lijaze kama theluthi ya chupa, kisha viongezwe vijiko vikubwa viwili au vitatu vya chumvi kavu, chupa itikiswe dakika moja, na iachwe itulie robo saa. Chumvi ikigandamana na kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi takriban asilimia 15, na hayafai kuhifadhiwa; isipogandamana, yamekauka. Lakini kabla ya kutikisa, funika majina ya chupa, uzipe herufi tu, asiwepo mtikisaji anayejua ipi imetoka wapi, na waulize kwa nini umefanya hivyo. Mara nyingi yuko mtoto atakayejibu ya kwamba mtu akijua chupa ni ya kwao ataona chumvi haikugandamana hata ikigandamana, na mtoto huyo ameshika kwa jibu moja jambo ambalo wengine hulisomea chuo kikuu.

Hapo ndipo mjadala unapokuwa na uzito. Chupa zimeonyesha kitu, lakini kitu gani? Chumvi inapima unyevu, haipimi sumu. Mahindi mabichi huota kuvu, na baadhi ya kuvu huzaa aflatoksini, lakini si kila penye unyevu pana sumu, na mahindi yaliyokauka leo yaweza kuwa na sumu iliyoingia yangali shambani au yaliponyeshewa juma lililopita. Mwache mtoto mmoja aseme ya kwamba mahindi yakiota kuvu mama yake huyaanika tena, kuvu kikaisha, wakala.

“Kuvu kiliisha, au kiliondoka machoni tu?” aulize mwalimu.

“Nitajuaje, mwalimu?”

“Hilo liandike ubaoni, kwa herufi kubwa.”

Swali la namna hiyo, lililoandikwa na mtoto kwa mkono wake na kuachwa ubaoni hadi kesho yake bila ya jibu, hufanya kazi ambayo kurasa kumi za maelezo haziwezi kuifanya. Jibu lenyewe lipo, na kesho yake mwalimu alitoe wazi: kuanika huzuia kuvu kisiendelee, lakini sumu iliyokwisha kuingia haiondoki kwa jua, wala haimalizwi kwa kuchemsha ugali, na jicho haliwezi kuiona. Kufunza kwa vitendo hakumkatazi mwalimu kusema anachokijua. Wako wanaodhani ya kwamba mwalimu wa kisasa ni yule asiyefundisha kitu, anayezunguka darasani akitabasamu huku watoto wakibahatisha. Hiyo ni dhuluma kwa mtoto, ambaye hawezi kukizua kwa fikra tupu kile ambacho maabara yamekigundua kwa miaka mingi. Ajuacho mwalimu kisemwe, ila kisemwe baada ya swali kuzaliwa.

Kipindi cha tatu ni cha ushahidi wa maandishi, na hapa ukubwa wa madarasa yetu, yenye watoto themanini au mia, waweza kugeuzwa kuwa manufaa. Mwaka 1971, katika mji wa Austin, Marekani, ambako watoto weusi na weupe walikuwa wametiwa darasa moja na kukaa kwa chuki, Elliot Aronson na wenzake waliligawa somo vipande vipande, kila mtoto akawa na kipande asichokuwa nacho mwenzake, ikawa hapana anayeweza kulikamilisha somo bila ya kumsikiliza mwingine. Andika kwa mkono vipande vitano: cha kwanza, barua ya 5 Machi na hoja yake, cha pili, masharti yaliyofuata, cha tatu, namna kuvu kinavyozaa sumu, cha nne, habari ya mwaka 2004, wakati watu 317 walipougua na 125 kufa mashariki ya Kenya, hususan Makueni na Kitui, kwa sumu ya mahindi yaliyolimwa huko huko, na cha tano kiwe swali tu: mpaka ukifungwa, nani anauza ghali zaidi na nani anakosa soko? Wa benchi la mbele wageuke kuwatazama wa nyuma, na kila kundi la watano liwe na vipande vyote vitano. Mmoja aandike, mmoja aseme kwa niaba ya kundi, na mmoja apewe wadhifa wa upinzani, yaani iwe wajibu wake kutafuta kasoro katika kila jambo wanalokubaliana. Wadhifa huo uhamishwe kila mara, asije mtoto mmoja akapachikwa jina la mbishi.

Makelele yatakuwapo. Mwalimu mkuu apitaye dirishani na mkaguzi ajaye bila ya taarifa huenda wakadhani darasa limekosa mwenyewe. Waalike waingie na waulize kundi lolote linafanya nini, na kama kundi haliwezi kujibu, basi walikuwa na haki ya kudhani hivyo. Kundi lisilo na kazi iliyoandikwa, yenye muda uliotajwa na kitu cha kuonyesha mwishoni, ni mapumziko.

Mwisho wa kipindi hicho cha tatu, rudisha zile karatasi za siku ya kwanza. Kila mtoto asome alichokiandika, kisha aandike chini yake rai yake ya sasa, na hasa aeleze ni dalili ipi iliyomgeuza, au, kama hakugeuka, ni dalili ipi ingemgeuza lau ingepatikana. Wengi wataona ya kwamba dai lenyewe lilikuwa limekaa vibaya: mahindi ya Uganda ni yapi, yote au baadhi, ya msimu gani, magunia mangapi yalipimwa na kutoka wilaya zipi? Mtoto wa miaka kumi na mitatu akifika kuandika ya kwamba baadhi ya mahindi ya kila upande yaweza kuwa na sumu, kwamba barua peke yake haikumwambia ni kiasi gani, na kwamba hoja ya afya yaweza kuwa kweli hata ikimfaa pia mfanyabiashara fulani, amefika mbali kuliko wengi waliokuwa wakipigiana kelele redioni.

Lugha isiwe kizuizi. Darasa la huku lina Kiteso, Kisamia, pengine Kijopadhola, pamoja na Kiswahili cha soko la Busia, na Kiingereza cha vitabu. Jambo la kufikiriwa lifikiriwe kwanza katika lugha ambayo mtoto anagombana nayo nyumbani, kisha kundi litafute maneno ya kulieleza kwa Kiswahili au kwa Kiingereza mbele ya wote. Baraza la mawaziri la Uganda lilikubali mwaka 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi, na mtaala mpya wa sekondari unakilazimisha katika miaka miwili ya mwanzo, hata hivyo waalimu wa Kiswahili ni wachache na wanafunzi wengi wanakiona ni somo la sarufi. Kazi ya mahindi ni somo la Kiswahili kamili, maana mtoto hujifunza maneno kama huku, lakini, ilhali, kwa sababu, huenda na yaelekea, kwa kuwa anayahitaji.

Lipo suala la adabu, nalo wazazi watakuuliza. Mtoto wa Kiteso au wa Kisamia amelelewa asimjibu mkubwa, na malezi hayo si ya kudharauliwa. Lakini katika malezi hayo hayo kudai ushahidi kumo. Yatazame mazungumzo ya mahari: wazee wa pande mbili huketi na wasemaji wao, na hakuna mzee hata mmoja anayepokea ng'ombe kwa kusikia, ataulizia umri, ataulizia afya, atakwenda zizini akatazame, na hakuna atakayesema amemvunjia mkwe heshima. Wafunze watoto maneno ya kuulizia: naomba kuuliza, mwalimu, tumejuaje, nimekusikia, ila dalili hii naiona inakwenda upande mwingine. Na mwalimu mwenyewe atangulie kwa kusema hadharani, angalau mara moja kwa juma, sijui, tutazame. Mwalimu asiyeweza kusema hivyo asitaraji mtoto aweze.

Yako madai mengine mazito yaliyo karibu. Katika migodi midogo ya dhahabu ya Tiira, huko Busitema, zebaki hutumiwa kuikamata dhahabu na kisha huchomwa ipae, na wako wanaosema haina madhara, kwani fulani ameishika miaka mingi na bado mzima. Ni mfano bora wa kufunza ya kwamba mtu mmoja aliyesalimika si burhani, na kwamba madhara ya mvuke huo kwa neva na figo huenda yasionekane kwa siku moja. Lakini chunga mambo mawili. Zebaki isiletwe darasani kwa namna yoyote ile. Na mtoto asitiwe kizimbani kwa kazi ya mzazi wake, awe mchimbaji au mbeba magendo wa njia za panya. Uliza juu ya dai, usiulize nani kwao anafanya nini.

Nilimwahidi mwalimu wa shule ya msingi neno. Mtihani wa darasa la saba upo, nao hautangoja. Asigeuze kila kipindi kuwa mjadala, maana hataumaliza mtaala na wazazi watamhama. Achague mada tatu kwa muhula, zile ambazo watoto hukosea kila mwaka hata baada ya kuzikariri, na azifundishe hizo kwa njia hii, nyingine azifundishe kama azoeavyo. Katika kusahihisha, alama zitolewe kwa mambo manne: dai limetajwa wazi, dalili imetajwa na ilikotoka, pingamizi limezingatiwa, na kiasi cha yakini kinalingana na dalili. Aliyebadili rai kwa sababu iliyo bayana asipunguziwe hata alama moja.

Nakuomba, ndugu mwalimu, ufanye jambo moja zaidi ambalo mwalimu wa Mbarara au wa Nakuru hawezi kulifanya kwa wepesi huu. Tafuta mwalimu mwenzako upande wa Kenya, Busia au Teso ya Kusini, mlifundishe dai hili hili juma moja, kisha mbadilishane karatasi za watoto, wa huku wasome sababu za wa kule na kuzijibu kwa maandishi. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa mwaka 2018 na watu huvuka kila siku kwa shughuli ndogo kuliko hiyo. Karatasi ishirini zatosha kuanzia. Zipelekwe kabla ya muhula kwisha.